Jeep ya 1943: ilikuwa wapi vitani? Tusome chuma kabla ya kupiga rangi

Chuma Cha Kale (mleta uzi)

Wakuu heshima zenu, na wazee wote humu shikamooni.

Nina Ford GPW, ile Jeep ya robo tani ya Vita Kuu ya Pili, na ndiyo kwanza naanza kuirudisha katika hali yake. Nafungua uzi huu kabla sijagusa mabati kwa sababu moja: nataka kujua gari hili lilikuwa wapi vitani. Nimeona magari mengi yaliyopoteza jibu hilo siku ya kwanza tu, pale mwenye gari alipoita watu wa kupiga mchanga. Mchanga unaondoa kutu na rangi kwa pamoja, na rangi ikishaondoka hakuna ofisi yoyote itakayokurudishia kilichokuwa kimeandikwa juu yake.

Nianze na yaliyo wazi. Jeep hizi zilitengenezwa na viwanda viwili kwa mchoro mmoja. Willys-Overland waliita yao MB, wakatoa takribani 360,000. Ford waliita yao GPW, wakatoa takribani 280,000. Jeshi la Marekani lilitaka kila kipuri cha huyu kiingie kwa yule bila kuchongwa wala kupigwa tupa, na ndivyo ilivyokuwa. Karakana za vitani zikachanganya vipuri bila kuuliza jina. Gari langu lenyewe lina chasisi ya Ford na injini yenye namba inayoanza na MB. Kiwandani Ford walikuwa wanapiga namba moja kwenye chasisi na kwenye injini, kwa hiyo tayari najua injini ya kwanza ilishatolewa, ila sijui ni vitani au baadaye.

Chasisi nimeitambua kwa mambo mawili. Chuma cha mbele kinachounganisha reli mbili, chini ya rejeta, kwa Willys ni bomba la mviringo, na kwa Ford ni bati nene lililokunjwa pembe. Langu limekunjwa. Pili, nilipoosha reli ya kushoto upande wa juu, karibu na mguu wa injini, kwa mafuta ya taa na brashi ya shaba, ilitokea namba inayoanza na GPW, imepigwa kwenye chuma chenyewe. Willys hawakupiga hapo, wao waliweka kibati upande wa ndani wa reli ya kushoto, nyuma ya bampa. Halafu kuna ile herufi F ya Ford yenye mkia, ipo kwenye vichwa vya bolti na mabano kila mahali. Hao jamaa walitia F hata kwenye vitu ambavyo mtu hatarajii.

Kwenye dashibodi, mbele ya abiria, vibati vyote vitatu vipo. Kile chenye namba ya gari na tarehe ya kukabidhiwa jeshini kinasema Oktoba 1943, na namba yake ni ile ile ya kwenye chasisi.

Hapo ndipo hadithi niliyopewa pamoja na gari ilipokufa. Niliambiwa lilishuka Sicily. Uvamizi wa Sicily ulianza tarehe 10 Julai 1943 na mapigano yakaisha katikati ya Agosti. Gari lililokabidhiwa Oktoba haliwezi kuwa lilipigana huko. Nimeifuta, sasa natafuta ya kweli.

Chini ya rangi ya buluu ya kiraia kwenye bampa ya mbele naona vivimbe vya herufi, kama rangi juu ya rangi. Sijagusa. Wenye uzoefu, nianzie wapi?

Mzee Karabureta

Marahaba kijana. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukwangua.

Sikiliza kwa makini, hii ndiyo kazi yenyewe. Usitumie kemikali ya kuondoa rangi, maana inalainisha matabaka yote kwa wakati mmoja. Usitumie mashine. Chukua msasa wa maji, laini, namba 1000 au 1200, na maji yenye tone la sabuni. Sugua sehemu ndogo tu, ukubwa wa kiganja, kwa mwendo wa duara, futa, tazama. Rangi ya juu itaanza kuwa na wingu, kisha itaonekana inayofuata. Ukiona nyeupe, acha kusugua hapo. Sogea pembeni. Nyeupe ya alama za jeshi ni tabaka jembamba sana, mikono miwili ya ziada imekwisha.

Fanya kazi usiku kama unaweza, taa moja tu, uilaze pembeni karibu sawa na bati. Mwanga wa kulala unaonyesha kingo za herufi ambazo mchana huzioni kabisa. Piga picha kila hatua, weka rula kwenye picha ili ukubwa wa herufi upimike.

Tabaka utakazokutana nazo, ukienda kutoka chuma kwenda juu: rangi ya msingi, kisha kijani cha zeituni kisichong'aa kabisa, hicho ndicho cha kiwandani wakati wa vita. Ukikutana na kijani cha namna hiyo mara ya pili juu ya alama, ujue gari lilipakwa upya likiwa bado vitani au mara tu baada yake. Kijani chenye mng'ao kidogo ni cha baada ya vita. Cha kiraia kinajulikana.

Jambo la pili, kibati cha dashibodi usikiabudu. Vibati vipya tupu vinauzwa hadi leo, mtu anapiga namba anayotaka. Kwako kinakubaliana na chasisi, sawa. Lakini angalia riveti zake na rangi iliyo chini ya kingo zake. Kama chini ya kibati kuna buluu ya kiraia, kimewekwa juzi.

La tatu, na hili limewaliza wengi: uhakikishe gari halikupita karakana za Ufaransa. Wafaransa walirithi maelfu ya Jeep baada ya vita, na karakana yao kubwa ya jeshi pale La Maltournée, jirani na Paris, ilikuwa inazifungua hadi nati ya mwisho, vipuri vinakwenda kwenye marundo, kisha wanaunda gari upya kutoka kwenye marundo. Gari likitoka pale lina chasisi ya huyu, bodi ya yule, bampa ya mwingine. Ni Jeep za kweli kabisa, lakini huwezi kudai kuwa chasisi na bampa vilipigana pamoja. Tena kuna Hotchkiss M201, zilizotengenezwa Ufaransa kwenyewe kwa leseni ya Willys kuanzia katikati ya miaka ya 1950, zaidi ya 27,000. Hizo hazikuiona Normandy, ingawa nyingi leo zimepakwa nyota nyeupe ya Jeshi la Marekani.

Bampa Mbili

Nafuatilia kwa karibu. Naongezea kwa mzee: angalia katikati ya bampa ya mbele kama kuna kovu la kuchomelea. Italia na kaskazini-magharibi mwa Ulaya Wajerumani walikuwa wanafunga waya kuvuka barabara, urefu wa shingo ya dereva, maana Jeep nyingi zilitembea kioo cha mbele kikiwa kimelazwa. Askari wakachomelea chuma cha pembe kilichosimama wima mbele, chenye mdomo juu wa kukata waya. Wapenzi wa magari siku hizi wanachomelea vipya kwa ajili ya maonyesho, kwa hiyo kovu peke yake halitoshi. Kovu lililo *chini* ya rangi ya vita ndilo lenye maana.

Chuma Cha Kale

Asanteni sana. Nimefanya kama mzee alivyoelekeza, nimemaliza bampa nzima ya mbele.

Kibati: chini ya kingo zake kuna kijani kisichong'aa peke yake, wala hakuna tabaka jingine. Kibati kingine chochote cha karakana, cha Kifaransa au cha nchi nyingine, hakipo, wala matundu ya kukiweka hayapo.

Bampa, kutoka kushoto kwenda kulia ukiwa umesimama mbele ya gari:

Kushoto kabisa, tarakimu iliyoharibika vibaya kwa kutu, sehemu ya juu yake ina mviringo, kisha pembetatu ndogo iliyo wazi kabisa. Inaweza kuwa 2, inaweza kuwa 3. Baada yake 17, kistari, E. Katikati nafasi tupu, na hapo ndipo lilipo kovu la kuchomelea, limesagwa likawa bapa. Upande wa kulia B, kisha namba ya tarakimu mbili.

Na kuhusu kovu: alama zimepakwa juu ya kijani cha kwanza. Juu ya alama kuna kijani cha pili kisichong'aa. Kovu limevunja kijani cha kwanza, lakini limefunikwa na cha pili. Juu ya hapo kuna kijani cha mng'ao, kisha buluu.

Msomaji wa Nyaraka

Hongera kaka, hii ni bahati ambayo wengi hawaipati.

Alama hizo zilifuata kanuni ya jeshi iliyoitwa AR 850-5. Mpangilio ni wa kutoka kikubwa kwenda kidogo. Kundi la kwanza linataja divisheni, kori au jeshi zima: namba peke yake ni divisheni ya askari wa miguu, namba na pembetatu ni divisheni ya vifaru, namba na herufi A ni jeshi zima, namba ya Kirumi ni kori, yaani kundi la divisheni kadhaa. Kundi la pili ni rejimenti au kikosi kilicho ndani yake, pamoja na herufi ya aina ya kazi: I ni askari wa miguu, F ni mizinga ya medani, E ni wahandisi. La tatu ni kombania. La nne ni nafasi ya gari katika msafara wa kombania hiyo.

Kwa hiyo lako linasomeka hivi: divisheni ya vifaru, kikosi cha 17 cha wahandisi, kombania B.

Na ile tarakimu iliyoliwa na kutu haina haja ya kubahatisha. Kila divisheni ya vifaru ilikuwa na kikosi chake kimoja cha wahandisi, na namba zake zinajulikana. Divisheni ya 1 ilikuwa na kikosi cha 16, ya 3 ilikuwa na cha 23, ya 4 ilikuwa na cha 24. Kikosi cha 17 cha wahandisi wa vifaru kilikuwa cha Divisheni ya 2. Tarakimu yako ni 2.

Sasa tazama jinsi hili linavyokaa na Oktoba 1943. Divisheni ya 2 ya Vifaru ilipigana Afrika Kaskazini na kisha Sicily, halafu mwishoni mwa 1943 ikahamishiwa Uingereza, eneo la Tidworth, kujiandaa kwa Normandy. Hadithi ya Sicily uliyopewa nadhani imezaliwa hapo: mtu fulani zamani aliiona au aliisikia alama ya divisheni, akasoma kwamba divisheni ilikuwa Sicily, akalipa gari historia ya divisheni nzima. Gari jipya la Oktoba lingeweza kukutana na kikosi kwa mara ya kwanza Uingereza, sio kabla.

Baada ya hapo njia ya divisheni inafahamika vizuri. Walishuka Normandy, pwani ya Ufaransa, Juni 1944, siku chache baada ya tarehe 6, siku uvamizi ulipoanza. Walikuwamo katika shambulio lililovunja ngome za Wajerumani magharibi ya Saint-Lô kuanzia tarehe 25 Julai. Desemba, katika vita vya Ardennes, ndio waliozima ncha ya mbele kabisa ya Wajerumani karibu na kijiji cha Celles, Ubelgiji. Aprili 1945 walifika mto Elbe, Ujerumani, na wahandisi wa kikosi hiki hiki cha 17 wakaanza kujenga daraja kusini mwa Magdeburg chini ya mizinga ya Wajerumani, ambayo ililivunja kabla halijakamilika. Julai 1945 divisheni iliingia Berlin.

Kwa wahandisi, Jeep ilikuwa chombo cha kutangulia: ofisa anakwenda kupima mto, kuangalia hali ya barabara, kuona kama daraja lililobaki linabeba vifaru. Gari la namna hiyo lilikuwa linatembea mbele ya magari mazito. Ule ukata-waya kwenye bampa unaeleweka.

Bampa Mbili

Dada umetufungua macho, lakini nina swali gumu na naliuliza kwa nia njema kabisa.

Bampa inafungwa kwa bolti chache. Mtu mwenye spana anaitoa kabla chai haijapoa. Tumesoma historia ya bampa. Nani anasema bampa hii ilizaliwa na chasisi hii? Ukichukua ajali moja tu ya 1944, karakana inachukua bampa kutoka gari lililoungua, inafunga hapa, na sisi leo tunaipeleka chasisi isiyohusika hadi Elbe.

Mzee Karabureta

Hilo ndilo swali lenyewe. Kijana, una vithibitisho vitatu unavyoweza kutafuta, na kila kimoja kinajitegemea.

Kwanza matabaka. Chagua sehemu kwenye chasisi ambayo haikukwanguliwa na mtu, mfano ubavu wa reli nyuma ya gurudumu la mbele. Fungua dirisha dogo kwa msasa. Uone kama mfuatano ni ule ule wa bampa, tabaka kwa tabaka, rangi kwa rangi.

Pili, bampa ndogo mbili za nyuma. Kanuni ilitaka alama mbele na nyuma. Kushoto kwa nyuma divisheni na kikosi, kulia kombania na namba ya gari. Kama nyuma inasema maneno yale yale na namba ile ile ya msafara, basi mtu angelazimika kuhamisha bampa tatu kutoka gari moja.

Tatu, boneti. Pembeni mwa boneti, pande zote mbili, kulikuwa na namba ya usajili inayoanza na 20, hiyo ndiyo ya Jeep. Awali ilitanguliwa na W. Mwanzoni ziliandikwa kwa buluu iliyofifia mno, karibu haionekani juu ya kijani, baadaye zikawa nyeupe. Boneti nayo inatoka, najua, lakini tutaona.

Na wakati unasugua boneti, angalia kama mwisho wa namba kuna herufi S. Ilimaanisha gari limezibwa kelele za umeme ili redio ifanye kazi. Ukiikuta, tafuta mikanda ya shaba iliyosukwa inayounganisha boneti, injini na bodi na chasisi. Wengi wanaitupa wakidhani ni takataka.

Dingo F

Samahani wakuu kuingilia. Mimi nina Daimler Dingo, gari dogo la upelelezi la Waingereza. Utaratibu huu wa bampa unafanya kazi kwangu?

Msomaji wa Nyaraka

Karibu, swali lako liko mahali pake kabisa, ila Waingereza walikuwa na mfumo tofauti, na kwa jambo moja una nafuu kuliko mwenzako.

Jeshi la Uingereza lilimpa kila gari namba yenye herufi ya aina yake. F ni magari ya deraya na ya upelelezi kama lako, T ni vifaru na vile vibebeo vyepesi vya minyororo, L ni malori, M ni magari madogo, C ni pikipiki, A ni ya wagonjwa. Namba ilikaa na gari vikosi vikibadilika. Ukiikuta chini ya rangi, hiyo ni ya gari na siyo ya kikosi. Angalizo: 1949 walibadili mfumo wote, magari yaliyobaki jeshini yakapewa namba mpya za tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Kwa hiyo ukikuta muundo huo juu, endelea kushuka, F yako iko chini yake.

Kikosi kilionyeshwa kwa alama mbili mbele na nyuma: nembo ya divisheni, mfano yule panya wa jangwani wa Divisheni ya 7 ya Vifaru, na mraba wa rangi wenye namba nyeupe. Rangi za mraba ni aina ya kazi. Nyekundu juu na buluu chini ni mizinga. Kijani juu na buluu chini ni upelelezi, na ndani ya divisheni ya askari wa miguu rejimenti ya upelelezi ilibeba 41. Namba peke yake haisemi chochote hadi uipate pamoja na nembo ya divisheni, kwa sababu kila divisheni ilikuwa na 41 yake.

Rangi pia itakusaidia. Waingereza walitumia kahawia katikati ya vita, kisha 1944 wakahamia kijani cha zeituni ili magari mapya ya Kimarekani yasihitaji kupakwa upya. Kama alama yako iko juu ya kahawia na imefunikwa na kijani, imepakwa kabla ya mabadiliko hayo kulifikia gari lako.

Ukishakijua kikosi, kitabu cha kumbukumbu za vita cha kikosi hicho kiko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Kaskazini-magharibi mwa Ulaya ni fungu la WO 171, Mashariki ya Kati WO 169, Italia WO 170, Burma WO 172.

Chuma Cha Kale

Wakuu, nimerudi na majibu, na nayaweka yote hata yasiyopendeza.

Bampa ndogo za nyuma. Ya kushoto imebadilishwa, haina kijani cha vita kabisa, ni chuma kipya. Kwa hiyo divisheni na kikosi hakuna nyuma. Ya kulia ni ya zamani, na chini ya matabaka matatu kuna B na ile ile namba ya tarakimu mbili iliyo mbele. Kichwa cha bolti moja kina F.

Reli ya chasisi: rangi ya msingi, kijani kisichong'aa, kijani kisichong'aa cha pili, kijani cha mng'ao, buluu. Mfuatano ule ule. Tena kwenye reli na kwenye bampa, kati ya kijani cha kwanza na cha pili, kuna ute mweusi mgumu umejibana kwenye kona. Upo vilevile kwenye sehemu ya chini ya injini, kuzunguka mabano ya nyaya.

Boneti: namba inayoanza na 20 ipo upande wa kushoto, tarakimu zote zinasomeka isipokuwa moja, nyeupe, na mwisho kuna S. Upande wa kulia boneti iliwahi kunyooshwa na kupakwa, hakuna kitu.

Mzee Karabureta

Huo ute usiuondoe hata kidogo. Magari yaliyojiandaa kushuka ufukweni yalizibwa maji kwa ute mzito wa grisi na nyuzi za asbesto, kwenye nyaya, distribyuta, kila tundu. Kwa sababu ya asbesto, vaa barakoa, usiusugue ukiwa mkavu, uloweshe. Kata kipande kidogo uweke kwenye chupa yenye mfuniko. Uko kati ya kijani cha kwanza na cha pili, maana yake uliwekwa gari likiwa na alama hizi hizi. Hilo linaungana vizuri mno na Juni 1944.

Bampa Mbili

Kwa bampa ya kulia ya nyuma nimeridhika. Gari hili lilikuwa na namba hiyo katika kombania B ya kikosi fulani, na bampa ya mbele yenye namba hiyo hiyo inataja kikosi. Ningeiandika hivyo: inawezekana sana. Siyo uhakika kamili, kwa sababu ile ya kushoto nyuma imepotea.

Chuma Cha Kale

Nakubali, na ndivyo nitakavyoiandika kwenye faili la gari. Sasa dada, kwa namba ya boneti, kuna daftari la jeshi ambalo naweza kulitafutia?

Msomaji wa Nyaraka

Hapa lazima niwe mkweli kwako: Jeshi la Marekani halikuhifadhi kumbukumbu ya kudumu ya kila Jeep. Daftari la gari, ambalo dereva alitembea nalo, na vitabu vya mali vya kombania, vilikuwa karatasi za kazi, zikatupwa. Usimlipe mtu anayekuahidi kukupatia hati ya vita ya gari kutokana na namba ya boneti.

Kinachobaki ni kulitafuta gari ndani ya karatasi za watu. Hifadhi ya Taifa ya Marekani iliyoko College Park, Maryland, ina kundi la kumbukumbu namba 407, ndimo zilimo ripoti za operesheni za vikosi vya Vita Kuu ya Pili. Agiza za Kikosi cha 17 cha Wahandisi wa Vifaru kuanzia Novemba 1943 hadi Julai 1945. Soma viambatisho kwa makini kuliko maelezo: orodha za magari yaliyoharibiwa, taarifa za ajali, amri za safari ya msafara. Hapo ndipo namba za magari hujitokeza.

Kundi namba 111 ni picha za kikosi cha mawasiliano cha jeshi. Tafuta kwa kikosi, na kwa mahali na tarehe pia. Picha nyingi wakaguzi wa vita walizifuta alama za bampa kwa wino, lakini mara nyingi waliisahau boneti. Una namba ya boneti karibu yote, kwa hiyo unaweza kulitambua gari kwenye picha ambayo bampa imefutwa. Watu wengi wanatafuta kinyume chake.

Kuhusu madereva: moto wa tarehe 12 Julai 1973 huko St. Louis uliteketeza kati ya mafaili milioni 16 na 18 ya wanajeshi, sehemu kubwa yakiwa ya waliotumikia jeshi la nchi kavu zama hizo. Lakini ripoti za asubuhi za kila kombania zilisalimika. Zinataja nani aliongezeka, nani aliumia, nani alihama, siku kwa siku. Kombania B haikuwa na watu wengi sana kiasi cha kushindwa kuzipitia.

Dingo F

Mkuu, utapaka alama gani mwisho wa kazi?

Chuma Cha Kale

Bampa ya mbele sipaki kabisa. Nitaiacha kama ilivyotoka kwenye msasa, na mafuta mepesi ya kuzuia kutu juu yake, kisha naitoa na kuihifadhi ndani. Kwenye gari nitafunga bampa nyingine ya Ford na kuandika juu yake 2, pembetatu, 17-E, B na namba yake, kwa ukubwa ule ule niliopima kwenye picha zenye rula. Kovu la ukata-waya nitaliacha, lakini chuma chenyewe cha kukata waya sitachomelea kipya, kwa sababu sijui kilikuwa na umbo gani, na wahandisi walivitengeneza wenyewe kila mmoja kwa namna yake. Upande wa kulia wa boneti nitaandika namba kwa kunakili wa kushoto. Tarakimu isiyosomeka nitaiacha tupu hadi ipatikane kwenye picha au kwenye karatasi.

Sehemu ya reli niliyoifungua dirisha inabaki hivyo, matabaka yote wazi, ili mwingine akija na macho makali kuliko yangu ajionee mwenyewe.

Maombi ya ripoti za kundi 407 nimeyaandika, naanza na Novemba na Desemba 1943, nione kama kuna mahali wanataja kupokea magari mapya Tidworth. Mwenye picha yoyote ya wahandisi wa Divisheni ya 2 ya Vifaru, Normandy au Ardennes, hata kama bampa imepakwa wino, naomba anitupie humu. Zile picha za pembeni, zinazoonyesha boneti upande wa kushoto, ndizo ninazozihitaji zaidi.